Siku mbili Mji Mkongwe kazi ni kula tu: urojo 10 kwa 10, Forodhani 6

Nimerudi Dar jana na navyoandika hapa kuna mfuko wa kripsi za muhogo pembeni yangu umebaki nusu, kwahiyo acha niseme yote sasa hivi wakati ladha bado iko mdomoni.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu. Ijumaa tukapanda boti ya asubuhi, masaa mawili hivi tuko bandari ya Malindi, Zanzibar, Jumapili mchana tukarudi. Nungwi hatujaenda, Paje hatujaenda. Gesti tulichukua ya kawaida tu, feni na neti vipo, chai ya asubuhi tukawaambia wasituhesabie, wakatupunguzia. Nia yetu ilikuwa moja, kula vitu vya mjini pale pale wanapokula wenyeji, vibarazani na vichochoroni, zile hoteli za juu ghorofani ambako unalipia upepo tuliziacha.

Kitu cha kujua mapema, ukifika Ijumaa hakikisha umekula kabla ya saa sita. Maduka na sehemu nyingi za chakula za wenyeji zinafunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa na sisi tulishuka na njaa tukazungukia vichochoro vitupu mpaka saa nane, mdogo wangu akaanza kununa kabisa. Ila kiukweli ile njaa ndo ilitufanya tuufikie urojo tukiwa na hamu nao hasa.

Sasa urojo, ile supu ya njano yenye uchachu inayomwagiwa juu ya viazi, kachori na bajia. Huu ndo uliotupeleka na huu ndo nataka niuongelee vizuri.

Mimi urojo nakula Dar toka nasoma sekondari, Kariakoo, Magomeni, Kinondoni, kila anayeweka meza nimeshaonja kwake na nilikuwa najiona naujua. Kumbe kinachouzwa huku sehemu nyingi ni uji wa njano. Unga mwingi, manjano mengi, afu ndimu inakamuliwa kwa nguvu juu yake kufunika ule unga, unamaliza bakuli tumbo limejaa lakini mdomo haujapata kitu. Watu wengi wakiusifia urojo wanasifia vilivyomo, mishikaki, mayai, kachori, na mi nilikuwa hivyo hivyo. Lakini kachori nzuri unaweza kula popote. Urojo unapimwa kwa rojo lenyewe, hivyo vingine ni wageni wa rojo.

Kijana wa pale gesti ndo alituelekeza. Akasema msiende kwenye mabango ya kizungu, ingieni ndani ndani upande wa Sokomuhogo, mkiona watoto wa madrasa na wamama wamesimama na mabakuli yao kutoka nyumbani, hapo hapo. Na kweli, tulizungukazunguka mpaka tukamuona mtoto mdogo wa kike kakumbatia bakuli la bluu na mfuniko wake anatembea haraka haraka, tukamfuata, akatufikisha.

Mama mwenyewe kakaa kwenye kigoda kibarazani kwake. Mbele yake sufuria kubwa ya rojo juu ya jiko la mkaa, makaa yamefunikwa majivu ili libaki la moto bila kuchemka, na mkono wake wa kulia hauachi upawa. Anaongea na watu, anatuma watoto ndani, anaitikia salamu za wanaopita, upawa unazunguka tu. Ukiacha kukoroga rojo linashika chini na linafanya vidonge, ndo maana hela anapokea binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Mtakula hapa au mwachukua?"

Tukasema hapa hapa, tukasogezewa benchi. Nikawa namuangalia anavyopanga. Anachukua bakuli, anavunjia kiazi kwa vidole, kachori moja anaibonyeza mpaka inapasuka, bajia za dengu ndogo ndogo kama tano hivi, bajia ya kunde moja, halafu anamwagia rojo mpaka vyote vinazama. Anaacha kidogo vinywe. Mishikaki miwili anaichomoa kwenye kijiti kwa mvuto mmoja, nusu yai, kijiko cha chatini ya nazi ambayo ni nyeupe pee juu ya ile njano, na mwisho kabisa konzi ya kripsi za muhogo. Kripsi lazima ziwe za mwisho, maana zikitangulia zinalainika na ule mlio wote unapotea.

"Nikutilie pilipili?" anamuuliza mdogo wangu. Tia kidogo tu mama. "Kidogo cha kwenu au kidogo cha hapa?" Benchi zima likacheka, akamtilia kidogo cha kwetu.

Kijiko cha kwanza nilikunywa rojo tupu. Jepesi, linateremka lenyewe, linaacha uchachu nyuma ya ulimi ambao haukati kama ndimu, unakaa, unajirudia. Nikamuuliza mama umetia nini humu, akasema embe mbichi, inachemshwa pamoja na rojo toka mwanzo mpaka inayeyuka. Ndimu yeye anakamua mwishoni tena kidogo, kwa sababu ndimu ukiichemsha inaleta uchungu. Unga ni wa ngano, anaukorogea pembeni kwenye maji ya baridi kwanza halafu ndo anaumimina taratibu kwenye maji ya embe na manjano, na ni kidogo tu wa kulishikilia rojo lisitengane. Hayo tu. Nilikaa pale nikifikiria mabakuli yote ya uji niliyokula miaka yote hii.

Bei bila mishikaki shilingi 2,000, na mishikaki 3,000. Nilirudia. Bakuli la pili nikaomba bila nyama kabisa nione, na lilikuwa tamu zaidi ya la kwanza, kiazi kimelowa, bajia imevimba kwa rojo lakini katikati bado ina kaugumu, chatini inatoa baridi kidogo kila ukiikuta. Mdogo wangu alimaliza lake akainua bakuli akanywa kwa mdomo kama wanavyofanya wale watoto na hakuna aliyemuangalia vibaya.

Nenda saa kumi kamili. Tulivyofika sisi kila kitu kipo, saa kumi na moja na nusu bajia za kunde zilishaisha, kabla ya Maghribi anaosha sufuria.

Kutoka pale tukaenda kunywa kahawa Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana. Wale wanaokwenda kupiga picha tu wanaondoka na picha, ila ukikaa unapata kitu. Ni kijiwe cha wanaume zaidi, kuna wanaocheza dama, kuna keram, kuna wanaobishana mpira na siasa kwa sauti moja, na sisi wanawake wawili wageni tulisita kidogo, lakini tulivyotoa shikamoo wazee wakasogea barazani wakatupisha, karibuni, kaeni. Kahawa chungu inatoka kwenye dele, lile birika la kahawa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na unakula na kashata ya karanga. Mpangilio wake ni huu, unang'ata kashata kidogo, unaiacha ilowe mdomoni, ndo unavuta kahawa. Ile sukari na uchungu vinakutana hapo hapo na iliki inapanda puani. Sijawahi kuona mtu anatia sukari kwenye kikombe pale na sasa naelewa kwa nini. Vikombe viwili viwili na kashata mbili haikufika hata 2,000 kwa wote, na tulikaa karibu saa nzima bila mtu kutuuliza mnataka nini kingine. Kwangu ile saa nzima ndo kitu cha pili kwa uzuri kwenye safari yote.

Usiku Forodhani, ile bustani ambako usiku wanapanga meza za vyakula. Najua wengi mnataka kusikia hii.

Kwanza mahali penyewe ni pazuri na sitaki kuficha hilo. Bustani iko kati ya bahari na Ngome Kongwe, jina lake limetoka kwenye forodha, kwa kuwa hapo ndo mizigo ilikuwa inashushwa na kulipiwa ushuru, na ilivyo sasa hivi imetengenezwa upya mwaka 2009. Nenda kabla jua halijazama uwaone vijana wanavyokimbia na kuruka baharini kutoka ukutani, mmoja anapinduka mara mbili hewani, watu wanapiga kelele, na taa za meza zinaanza kuwaka moja moja na moshi wa mishikaki unapanda. Pembeni hapo Beit al-Ajaib bado iko kwenye matengenezo, lile jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo upande mmoja uliporomoka Desemba 2020. Inauma kuliangalia likiwa hivyo. Tulikaa ukutani na sharubati ya miwa mkononi, muwa umepitishwa kwenye mashine pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi, ukarudishwa ukapitishwa tena mpaka makapi yakatoka makavu kabisa, na kama ningekuwa naihukumu Forodhani kwa sharubati ile na upepo ule basi ningeipa 10.

Lakini chakula. Kuna meza moja ya vitu vya baharini tulisimama, kijana akaanza kutusifia pweza, ngisi, kamba, kaa, huku anaongea tayari anaweka kwenye sahani, kijiti hiki na hiki onjeni dada zangu, na sisi kwa haya ya ugeni hatukumzuia. Bili ikaja 46,000. Vijiti vinne! Na yule pweza alikuwa ameshachomwa mchana akarudishwa motoni mbele yetu, unatafuna mpaka taya linachoka, nje mkavu ndani wa baridi. Nilimwambia ukweli kwa upole kwamba huyu pweza si wa leo, akaapa ni wa leo, tukabishana, mwisho akapunguza 6,000 tukaondoka. Iliniuma kwa sababu meza ya tatu kutoka pale baba mmoja mtu mzima alikuwa anachoma mishikaki ya ng'ombe kwenye makaa yenye moto hasa, bei kaandika kwenye kadi ya boksi, na nyama yake ilikuwa laini, imelazwa kwenye papai bichi na tangawizi, unaisikia kabisa. Kwahiyo wazuri wapo. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijagusa sahani, na kitu cha baharini omba uchomewe kikiwa kibichi mbele ya macho yako, akikataa sogea meza nyingine.

Ile wanaita Zanzibar pizza nayo tulikula. Ni donge la unga anakandamiza mpaka linakuwa kama leso, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, yai, jibini, mayonizi, anakunja pembe nne anaitupa kwenye tava lenye samli. Ukila mantabali, ule mkate wa kukunjwa wenye nyama na yai, nyumbani kwa Mzanzibari utaona ndugu yake yule pale pale. Ilikuwa nzuri, ya moto, imekolea, ila nzito, nusu ilinitosha. Mdogo wangu yeye akachukua ya ndizi na chokoleti na hataki kusikia neno baya juu yake, basi naandika na yeye kura yake ihesabiwe.

Jumamosi asubuhi Darajani. Soko la mwaka 1904, jina limebaki toka enzi zile kulikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Upande wa samaki ingia mapema na viatu vya kufunika, huku mnada huku maji huku pweza wametandikwa sakafuni wanang'aa, na ukishawaona wale ndo utajua kwa nini nilikasirika jana yake. Viungo nilinunua kwa mzee anayepima kwa mizani, vile vikapu vilivyofungwa tayari na plastiki kwa ajili ya wageni nikaviacha. Alinipa karafuu nivunje kichwa chake kwa ukucha, akasema ukiona ukucha umepata mafuta hiyo chukua, na ukucha ukapata mafuta kweli, hadi usiku kidole kinanukia. Karafuu ya Pemba hiyo. Iliki na mdalasini alinipimia bei karibu nusu ya ninayolipa Dar na kungumanga akaniongezea mbili.

Mchana tulikula mgahawa wa Lukmaan, Mkunazini pale kwenye mbuyu. Ni pakubwa, panajaa, wageni na wenyeji wote wamo, unakwenda kaunta unanyooshea kidole unachotaka. Pweza wa nazi na wali. Na huyu ndo pweza! Amepikwa mpaka kisu hakina kazi, mchuzi mzito umeshika rangi ya udongo kidogo, nazi imekolea haijakatika. Foleni inachosha na kelele zipo, ila nisingekuwa na safari ningerudi usiku huo huo.

Jioni Forodhani hatukurudi, tukavuka barabara tukaenda Michenzani huko maghorofani, na huko ndo nikakutana na mkate wa ufuta unavyopikwa. Unga umekandwa na tui la nazi na hamira mpaka unavutika kama gundi, dada anautandaza kwa mkono uliolowa maji kwenye kikaango cha chuma, ufuta juu, chini ukishashika tu anakigeuza kikaango chote juu chini kikaangalie makaa! Mkate unaning'inia pale hauanguki, na juu unaungua madoa madoa ya kahawia. Nilisimama nikaangalia mikate sita inapinduliwa, moyo unanipasuka kila mara kwamba huu sasa utadondoka. Ukiwa wa moto unauchana kwa mkono, unatoa moshi, unachovya kwenye mchuzi wa mishikaki. Mkate mkubwa 1,000. Tulikula tumesimama, tukanunua mwingine wa kulalia na asubuhi ulikuwa bado laini.

Halua tulichukua ya kubeba, ile ya kikapu cha ukili. Chagua inayong'aa na ukibonyeza inarudi, na onja kwanza, wanaonjesha bila kinyongo. Tuliyochukua ina zafarani na lozi, samli inatoka lakini haijazidi. Hiyo ni ya kula na kahawa chungu kama wafanyavyo wao na ndugu zao wa Oman, kipande cha ukubwa wa kidole, ukila bakuli zima itakukinai na hutoijua ladha yake.

Hela ya kula kwa wote wawili kwa siku mbili na nusu, ukitoa ile bili ya pweza na ukitoa viungo, haikufika 100,000. Beba hela ndogo ndogo, noti ya 10,000 kwa muuza kahawa inamsumbua. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti maana unakaa kwenye vibaraza vya watu, na mwezi wa Ramadhani usitegemee hata kidogo kula mchana hadharani, vitu vyote hivi vinahamia baada ya futari.

Jumapili asubuhi tukiwa tumeshabeba mabegi nikamwambia mdogo wangu tupitie kwa mama mara moja. Saa nne. Benchi lilikuwa limeegeshwa ukutani, jiko halina moto, mlango uko nusu wazi na ndani unasikia mbuzi ya nazi inakuna. Nikapiga hodi, akatoka na mikono myeupe, akatukumbuka, akamtania mdogo wangu habari ya pilipili. Nikaomba kama kuna chochote cha kubeba. Kripsi zilikuwa zimeshakaangwa, akanipimia mfuko wa 2,000 akafunga fundo mbili zisipate hewa. Na rojo je mama? Akasema embe ndo kwanza ziko jikoni, njooni saa kumi. Boti yetu ilikuwa saa sita na nusu.